Njia ya Cherangani na isimamiwe kama mfereji

Barua ya wazi kwa Magavana wa kaunti nane za NOREB, jumuiya ya kiuchumi ya Kaskazini mwa Bonde la Ufa

MINT: SAFARI ZA MIGUU ZA SIKU NYINGI KATIKA MILIMA YA CHERANGANI

Waheshimiwa,

Mei 2024, kwa siku kadhaa, Wakenya waliufuatilia mlima Everest kama wanavyofuatilia marathoni: mita ngapi zimebaki, nani ameonekana, nani hajaonekana. Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki ya KCB, alikuwa akiupanda bila mtungi wa oksijeni, akisindikizwa na Nawang Sherpa wa Nepal. Mawasiliano yalikatika tarehe 22. Kesho yake mwili wa Kirui ukaonekana mita chache chini ya kilele. Nawang hakuonekana. Familia ya Kirui ikaamua kijana wao abaki huko huko mlimani, kwa kuwa kumteremsha kungehatarisha maisha ya wengine. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2022, James Kagambi, mwalimu wa wapanda milima aliyekuwa na umri wa miaka 62, alikuwa ameandika historia kama Mkenya wa kwanza kufika kwenye kilele hicho.

Tangu wakati huo, ukikaa mezani na vijana wa Eldoret wanaopenda milima, chai haipoi kabla hujaulizwa kwenda Nepal ni pesa ngapi. Wakishapiga hesabu ya ndege, viza, vibali, mwongozaji na malazi, mazungumzo huhamia kwenye mpira. Wengi wao hawajalala hata usiku mmoja Cherangani, ingawa maji wanayoogea asubuhi yanatoka huko, bwawa la Chebara kwenye Mto Moiben.

Barua hii inaandikwa kwenu kwa sababu hiyo. Haiombi Everest ya Kenya.

Watu wengi waendao Himalaya hawaendi kupanda Everest. Wanakwenda kutembea. Ndege ndogo huwashusha Lukla, mita 2,860 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hupanda kijiji kwa kijiji, Namche Bazaar kwenye mita 3,440, halafu Tengboche, halafu Dingboche, hadi kambi ya chini ya Everest iliyo kwenye mita 5,364. Kwenda na kurudi ni kama siku kumi na mbili. Aliyeigeuza safari ya namna hii kuwa biashara ni Jimmy Roberts, mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1964. Siku hizo wateja walilala kwenye mahema na kila kitu kilibebwa, hadi sufuria. Kilichokuja kuibadilisha biashara hiyo kilitoka jikoni. Wenyeji waliokuwa wakiwauzia wapita njia chai walitandika vitanda viwili vitatu, wakaongeza sahani ya wali na dengu. Nyumba hizo bado zinaitwa nyumba za chai, hata zile zilizokwisha kuwa na vyumba ishirini na intaneti.

Mama anayeuza kitanda na wali Dingboche hamiliki mlima wowote. Anamiliki jiko lililoko mahali ambapo mtembezi amechoka.

Sasa Cherangani. Ni mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Elgon, na tofauti na Elgon au Mlima Kenya, haikutokana na volkano. Vilele vyake vya juu vinapita mita 3,300, na kuna vinavyopita 3,500. Mvua ikinyesha ubavu mmoja maji huenda Nzoia na kuishia Ziwa Victoria. Ikinyesha ubavu wa pili huenda Kerio au Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Watembezi wachache wanaoijua njia ya kutoka Kapcherop hadi Sigor huipita kwa siku kadhaa. Unaanza kwenye mashamba ya viazi na ng'ombe wa maziwa, unapita mianzi na mitarakwa, unatokea kwenye uwanda wa nyasi wenye lobelia ndefu kuliko mtu, halafu unateremka magoti yakitetemeka mpaka kwenye joto la Sigor, takriban mita 1,000, ambako watu wanauza maembe kando ya barabara. Nepal ina milima mirefu mara mbili na zaidi ya hii. Lakini kwa mwendo wa siku nne tano, ni mahali pachache Afrika Mashariki panapokubadilishia hewa, mazao na lugha namna hiyo bila kupanda gari.

Mwandishi wa barua hii aliipita sehemu ya njia hiyo Januari moja ya kiangazi, yeye na wenzake wawili. Usiku wa pili ukungu uliwakuta upande wa Kapyego na hema likiwa limelowa. Wakapiga hodi kwenye nyumba ya udongo na mabati iliyokuwa ikitoa moshi. Kogo mwenye nyumba, yaani bibi kwa Kikalenjin, hakuuliza wanatoka wapi. Aliuliza kama wamekula. Akawaketisha karibu na moto, akatoa viazi vya kuchemsha na kibuyu cha mursik. Alikipiga kibuyu chini kwa kiganja mara tatu, akamimina maziwa mazito yenye chembe ndogondogo nyeusi za mkaa wa kibuyuni, akawatazama mpaka kila mmoja alipomaliza kikombe. Walilala juu ya ngozi na magunia. Alfajiri nyasi za uani zilikuwa nyeupe kwa barafu, na jogoo alikuwa amesimama mguu mmoja.

Ugumu ulikuja wakati wa kuaga. "Kogo, tukupe ngapi?" Akashangaa: "Watoto wangu, kwani hii ni hoteli?" Mjukuu wake, aliyekuwa akikamua nyuma ya nyumba, akapaza sauti: "Mia tano kila mtu!" Kogo akamgeukia kwa maneno ya Kimarakwet ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Mwishowe alikubali majani ya chai, sukari na noti mbili za mia zilizoachwa chini ya kikombe. Mchana wa siku hiyo hiyo, kwenye gogo lililolazwa njiani, kijana mwingine alidai shilingi elfu moja "za kaunti". Risiti hakuwa nayo.

Bei mbili hizo, ile ya kogo na ile ya gogo, ndizo tatizo zima. Moja ni ukarimu usioweza kustahimili wageni hamsini kwa mwezi. Ya pili kila mtu anaijua ni nini. Kati yake hakuna utaratibu, na mahali pasipo na utaratibu wakala kutoka mjini huja na mahema yake, mpishi wake na maji yake ya chupa, akapita kijijini bila kuacha hata shilingi ya yai.

Utaratibu wenyewe, waheshimiwa, haupaswi kuagizwa kutoka Kathmandu. Uko hapa ukutani, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio.

Kwa mamia ya miaka Wamarakwet wamekuwa wakichepusha maji ya Embobut, Arror na mito mingine kwa mawe, magogo na matawi, wakiyazungusha kwenye majabali ambayo mtu mwenye akili timamu asingekanyaga, na penye korongo wakiyavusha kwa magogo yaliyochongwa katikati, mpaka kwenye mashamba ya wimbi na mtama huko bondeni. Kila mfereji una koo zake. Kila ukoo unazijua siku na saa zake za maji. Mfereji ukibomoka wanaume hutoka pamoja kuutengeneza, na asiyetoka hutozwa. Anayeyafungulia maji usiku yaingie kwake hufikishwa mbele ya wazee. Ugomvi haukosi, lakini mahali pa kuumalizia panajulikana. Hakuna wizara iliyobuni haya, wala hakuna mfadhili aliyeyaandikia ripoti kabla hayajaanza kufanya kazi.

Njia ya miguu na isimamiwe hivyo hivyo. Kila kipande kiwe na wenyewe: wanaokifyeka, wanaotoa mwongozaji na kumkabidhi mgeni kwa wenzao kwenye mpaka, kama maji yanavyokabidhiwa. Mgeni alale kwa zamu. Leo nyumba hii, kesho ile, ili asiwepo tajiri mmoja wa njia nzima aliyejengewa mabanda na jamaa yake wa ofisini. Bei ipangwe barazani mbele ya watu, iandikwe kwa rangi kwenye ubao, na kogo apokee bila aibu kwa sababu si yeye aliyeitaja. Ambaye hakutoka siku ya kufyeka, zamu yake imrukie.

Kazi yenu katika hilo ni ndogo na ni muhimu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti utalii wa mahali. Misitu yenyewe iko chini ya Huduma ya Misitu, KFS, lakini sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi kwa mkataba. Kapcherop iko Elgeyo Marakwet na Sigor iko Pokot Magharibi; mtembezi hajui mpaka umepita kwenye jiwe gani. NOREB iliundwa kwa mambo ya namna hii. Kibali kiwe kimoja, risiti moja, pesa zigawanywe baadaye. Mkishindwa kuelewana kuhusu karatasi moja, itakuwa vigumu kwa watu kuwaamini mnapozungumzia soko la pamoja la kaunti nane.

Kinachohofiwa ni uzinduzi. Waheshimiwa hupenda kuzindua, na mwenye kuzindua hutaka kitu cha kuzinduliwa: lango la saruji, mnara, jengo la wageni ambalo miaka miwili baadaye popo ndio wapangaji. Basi tazameni Iten. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St Patrick's mwaka 1976. Lornah Kiplagat alifungua kambi yake ya mazoezi mwaka 1999. Wanariadha wa Ulaya, Asia na Marekani wakaanza kuja kufuata hewa ya mita 2,400, wakakuta vyumba vya kupanga, ugali na watu wa kukimbia nao. Hakuna gavana aliyekata utepe, kwa sababu magavana hawakuwepo. Au tazameni Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambayo ni ndogo kuliko zote nchini. Ndani yake gari haliingii. Anayetaka kumwona nzohe hutembea, hupanda jukwaa la mbao, hukaa kimya.

Sasa jambo zito zaidi. Sehemu ya milima hii ni msitu wa Embobut, na Embobut ni nyumbani kwa Wasengwer. Mwaka 2013 walikwenda mahakamani hapa Eldoret na kupata amri ya kuzuia wasifukuzwe. Januari 2014 walifukuzwa, nyumba zikachomwa. Januari 2018 mwanamume mmoja wa jamii hiyo aliuawa kwa risasi katika operesheni ya msituni, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wa mradi wake wa kulinda minara ya maji. Hoja ya serikali ilikuwa, na bado ni, kwamba msitu lazima uhifadhiwe. Hoja ya Wasengwer ni kwamba wao waliukuta na kuuhifadhi kabla serikali haijakuwepo. Barua hii haiwezi kuamua kesi. Inachoweza kusema ni kwamba itakuwa aibu kubwa mgeni wa Ujerumani akiruhusiwa kuwasha moto wa kambi mahali ambapo mzee aliyezaliwa hapo anakatazwa kuwasha wa kupikia. Njia ikipita Embobut bila Wasengwer kuketi mezani kama wenye kipande chao, afadhali ipite kwingine. Au isiwepo.

Kisha wapagazi. Kilimanjaro, ambako wenyewe hujiita wagumu, mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Kikomo hicho hakikuletwa na huruma za makampuni. Kilidaiwa kwa miaka, na tangu 2003 kumekuwa na mradi maalumu wa kutetea mishahara, mavazi na chakula cha wapagazi wa mlima huo. Nepal ilijifunza kwa njia chungu zaidi. Tarehe 18 Aprili 2014 maporomoko ya theluji yaliwaua Wanepali 16 waliokuwa wakibeba vifaa na kutengeneza njia ya Everest kwa ajili ya wageni. Serikali ikatoa rupia 40,000 kwa kila familia, takriban dola 400 wakati huo, na Masherpa wakakataa kuendelea na kazi msimu ule. Bima ilipandishwa baada ya vifo. Cherangani bado haina wapagazi wa kuajiriwa kwa wingi, kwa hiyo bado mnayo nafasi ya kuweka mizani, kiwango cha siku na bima kabla ya mtu wa kwanza kuvunjika mguu. Kuna punda pia milimani. Nao wana uzito wanaoweza kubeba.

Eldoret ina ugonjwa wake kuhusu mwinuko, nao ni majivuno. Mji uko kwenye mita 2,100, mabingwa wa dunia wanapita barabarani asubuhi, na mkazi wake huamini kwamba pumzi nyembamba ni shida ya watu wa Mombasa. Si kweli. Kwenye mita 3,500 shinikizo la hewa hupungua kwa karibu theluthi moja kuliko pwani, na kijana aliyekimbia kilomita 20 asubuhi anaweza kuumwa kichwa na kutapika jioni kama mtu mwingine yeyote, hasa akiwa amepanda haraka kwa sababu ana miguu ya kupanda haraka. Juu ya mita 3,000, ushauri wa kawaida ni kutopandisha kitanda chako zaidi ya mita 500 kwa usiku. Anayeanza kuyumba kama mlevi au kukoroma maji kifuani hateremshwi kesho. Anateremshwa sasa hivi, hata kama ni usiku. Cherangani si juu sana, na wengi watapita bila kuumwa. Elgon, ambako kilele cha Koitobos kinapita mita 4,200, haisamehi hivyo.

Nepal ina shirika la uokoaji la Himalaya tangu 1973, na zahanati yake ya Pheriche, zaidi ya mita 4,200 juu, huwaeleza watembezi mambo haya kila msimu. Hata hivyo Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliyotokana na kimbunga cha Ghuba ya Bengal iliwakuta watu kwenye njia ya Annapurna, na zaidi ya 40 wakafa. Kwetu theluji si tishio. Udongo ndio tishio. Novemba 2019 maporomoko yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Aprili 2020 yakaja Chesegon. Njia hii lazima ifungwe miezi ya mvua kubwa, na anayefunga awe mwenyeji anayeujua mlima, siyo afisa aliyeko Eldoret anayesubiri barua. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko hapa mjini, Chuo Kikuu cha Moi kina walimu wa utalii na wa udaktari. Wiki mbili za kuwafunza waongozaji thelathini huduma ya kwanza hazigharimu hata sehemu ndogo ya bei ya lango la saruji.

Kuhusu usalama, mtu asidanganywe. Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi kusaidia polisi kwa sababu ya wizi wa mifugo na mauaji katika kaunti sita, zikiwemo Elgeyo Marakwet na Pokot Magharibi. Watu wa bondeni wamezika watoto. Mgeni hawezi kuambiwa kwamba hayo ni ya magazeti. Kwa hiyo njia ianze juu, Kapcherop hadi vilele na kurudi, siku tatu, na ile sehemu ya kuteremkia Sigor isubiri mpaka wenyeji wa pande zote mbili waseme wenyewe kuwa iko tayari. Wengine husema utalii utaleta amani. Ni maneno matamu. Mfereji nao huchimbwa kuanzia juu, na maji hufika chini kwa wakati wake.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na uwanja wa ndege wa kimataifa inao tangu 1997. Anayetaka kuja atafika. Ombi ni kwamba kiangazi kijacho kisiwakute mkiwa bado mnatafuta mshauri wa kuwaandikia mpango. Mkutano wa kwanza usifanyike kwenye hoteli ya mjini hapa. Ufanyike Kapyego, mahali chifu anapofanyia baraza, KFS wakiwepo na Wasengwer wakiwepo, na bei ya kitanda iwe ndiyo ajenda ya kwanza. Kogo atakuja, kwa sababu ni karibu na kwake. Muulizeni ngapi, mbele ya mjukuu wake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Eldoret